Pampu Ina Alama, Ndoo Haina

Nyasura, Jumamosi. Jua kali tangu asubuhi, na mimi nimenuna tangu jana.

Nina wivu. Acha niandike hivyo hivyo, maana hapa hakuna wa kunikemea.

Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalibandikwa jana mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu. Kaka yangu Magesa yumo. Mimi simo. Tumekaa darasa moja miaka saba, na hesabu namshinda kila muhula. Hata desimali nilimfundisha mimi, jikoni, kwa mkaa ukutani.

Kilichombeba ni alama za kazi. Siku hizi za kujitegemea, shamba la pamba la shule nalo ni mtihani. Wavulana hubeba pampu mgongoni na kunyunyiza dawa, mwalimu wa kilimo akiwafuata na daftari lake. Sisi wasichana tunateka maji ya kuchanganyia dawa hiyo kule lamboni, tunayaleta kichwani. Kunyunyiza kuna alama. Kuteka maji hakuna, eti hiyo ni kazi ya nyumbani.

Bila maji, pampu ingenyunyiza nini?

Mama anaimba tangu jana. Amemchinjia Magesa kuku, na firigisi, ambayo siku zote ni ya Baba, kapewa yeye. Nilikula ugali wangu bila kuinua macho. Leo nikapewa shati lake jeupe la safari nilipige pasi. Nakiri: niliiacha pasi juu ya mgongo wa shati kidogo, naitazama tu. Kisha nikaiinua. Shati halina kosa.

Mchana Magesa akataka maji ya kuoga. Nikasema siteki.

“Nyangeta! Tangu lini mwanaume anatekaga maji na dada yake yupo?” Mama akafoka.

Nikamsukumia Magesa ndoo. Sijui kilichomwingia, akaichukua. Alikawia sana. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka magotini na ndoo iko nusu.

“Kumbe lambo liko mbali hivi?” akauliza.

Nilicheka, nikafurahi, nikaona aibu, halafu nikafurahi tena. Wivu haujaisha. Ila sasa najua wa kumpelekea.

Jumatatu nakwenda ofisini na ndoo tupu. Mwalimu wa kilimo aende lamboni mara moja tu, arudi nayo kichwani, ndipo aniambie kwamba ile si kazi.