Mahali pa Kuepuka

Jumatano, 2 Julai 2025

Mwanangu Nadra kapiga simu. Wanakuja, lakini hawafikii kwangu Kikwajuni. Serikali ya nchi ya mumewe imewatahadharisha raia wake wanaosafiri: ugaidi, jihadharini. Watakaa hotelini Nungwi. Chumba nimeshakifukiza udi! Miaka saba hajaja. Mjukuu wangu Kidawa ana minne, sijamshika hata siku moja.

Ijumaa, 4 Julai

Jirani yangu Ayoub kanisomea hilo tangazo kwenye simu yake. Kasoma kwa haya, utadhani kaliandika yeye. Mahali pa kuepuka: masoko, nyumba za ibada, mikusanyiko. Basi — Darajani ninakonunua samaki. Msikiti ulio nyuma ya jiko langu. Hitima ya marehemu mume wangu. Maisha yangu yote yamo.

Kasema, Bi Thuwaiba, kila serikali huchunga watu wake. Kweli. Lakini Nadra si mtu wangu?

Mkwe ndiye mwenye haya yote. Kanichukulia mwana, sasa ananizuilia na mjukuu.

Alhamisi, 10 Julai

Hitima imesomwa. Nadra hakuja. Wameniuliza, nikasema anaumwa. Uongo, siku ya kumsomea baba yake. Nimelia jikoni.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda mwenyewe Nungwi, na mkate wa kumimina kwenye kapu, aupendao Nadra. Mlinzi, mtu mzima, kaniamkia shikamoo, kisha akalipekua kapu. Chakula cha nje hakiingii. Kaniomba radhi mara tatu, maskini.

Katoka mkwe na Kidawa. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Kanibusu mkono. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kasema yeye alitaka kufikia kwangu, tangazo halikumkataza, limemwambia awe mwangalifu tu. Anayeogopa ni Nadra.

Nadra! Aliyekuwa akikatiza Darajani pekupeku kwenda chuoni kusoma Kurani. Wazee husema mwacha asili — siimalizii, ni mwanangu.

Mkwe karudi ndani kumwita. Nusu saa sasa. Niko kwenye benchi la walinzi, naandika kwa mkono mmoja. Kidawa yuko pajani pangu, anakula mkate, makombo yote kwenye buibui langu. Ana paji la uso la babu yake.

Nadra kapiga simu kutoka huko huko ndani.

"Mama, mrejeshe mtoto ndani. Hapo getini si salama."

"Kapakatwa na bibi yake."

Halafu, taratibu: "Nnajua, mama."

Kidawa anataka kipande kingine. Nimemkatia. Simu inaita tena, Nadra.