Alichomwambia Kadogo Mlangoni

Mpendwa binti yangu Nekesa, mama yangu kwa jina,

Nakuandikia kwa kalamu nene nyeusi, ile ya kuandikia mabango, kwa sababu mwandiko wa kalamu ya kawaida siuoni tena. Macho yangu yanaharibika. Nimelisema mapema ili nisije nikapata nafasi ya kulikwepa. Nimelijua kwa zaidi ya mwaka, na kila Jumapili ulipopiga simu kutoka Uingereza nilikuambia sijambo. Leo nataka kukueleza yote, na unanijua: siwezi kueleza jambo bila kuanzia lilikotoka. Vumilia kidogo. Hili limetoka kwa Omosh.

Barua yenyewe ni ya wazi. Kabla Salim hajaipiga picha na kukutumia, ataisoma mbele ya wenzetu wa Jumamosi. Nimetaka hivyo kwa sababu niliwafungisha midomo, yeye na Mama Brayo, na si haki watu wazima waendelee kubeba uongo wangu. Ikishasomwa watakuwa huru.

Kwa hiyo niwaeleze na wasiomjua Omosh. Ni jasusi wa zile sinema sita tulizozifuatilia kwa miaka mingi. Jina lake halisi ni la kizungu, nasi hatukulijua. Wakati ule tulikaa mtaa wa Jericho, hapa Nairobi, nyumba ya vyumba viwili, na mama yako alikuwa akifunga biskuti kwenye kiwanda kimoja kule Industrial Area. Jumapili ndiyo siku pekee tuliyokuwa naye mchana kutwa. Baada ya chakula, Salim, fundi wa viti, alitembea kwa miguu kutoka Pumwani na diski ameificha ndani ya koti, kana kwamba yeye ndiye jasusi. Mama Brayo wa mlango wa pili alisikia tu kiti kikivutwa, akaingia na chupa ya chai.

Diski zile zilikuwa za DJ. Vijana wa leo wanaozitazama sinema kwenye simu huenda hawajui maana yake. DJ alikuwa mtu aliyeichukua sinema ya kizungu, akaishusha sauti ya waigizaji, na kuisimulia yeye mwenyewe juu yake, kwa Kiswahili na Sheng ya vijana wa mtaani, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wetu alikuwa wa Kayole. Ndiye aliyempa jasusi jina la Omosh, akamwita adui yake Mzee wa Barafu, na binti mdogo wa Omosh akamwita Kadogo. Tulicheka mpaka mama yako akashika mbavu. Hakuna aliyejiuliza waigizaji wenyewe walikuwa wakisema nini chini ya ile sauti.

Baada ya sinema ndipo kazi ilipoanza. Unakumbuka sheria ya nyumba: aliyeshika rimoti ndiye mwenye kusema, na kabla ya kusema anachofikiri, kwanza aeleze alichokiona. Niliileta kutoka darasani, na mama yako alisema nilikuwa nimesahau kunawa chaki mikononi.

Salim siku zote alisifu zile mbio za Omosh juu ya mapaa. Alizisifu kwa kuzidharau. "Mwalimu, hizo paa za Ulaya ni za wavivu. Omosh akuje Majengo akanyage bati zetu. Hatua mbili, yuko ndani ya sufuria ya mtu." Mama Brayo alikuwa wa Mzee wa Barafu, na haya hakuwa nayo. "Ni mbaya, sawa, lakini ako na adabu. Anakuua, lakini anavua kofia kwanza. Brayo wangu hata hodi hapigi." Mama yako alingoja tuchoke, akanyoosha mkono apewe rimoti, kisha akasema neno moja tu kuhusu yule bibi wa ofisi ya mafaili, anayeonekana dakika tatu katika kila sinema: "Nyinyi mnapigia kelele wanaoruka. Jasusi ni yule. Anajua siri za wote, na bado anafuma sweta." Akakupa wewe rimoti, kwa sababu alijua ulikuwa umengoja.

Nawe ulikuwa mkali. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukaniambia, "Baba, umeeleza unachofikiri. Hujaeleza ulichoona." Salim alipiga makofi mpaka chai ikamwagika.

Sasa nafika mahali ambapo sijawahi kufika nawe.

Ulikuwa kidato cha pili, bwenini, mama yako alipolazwa. Kwa wiki sita alizolala hospitali nilikuandikia mara mbili. Mara zote mbili nilisema ameenda Bungoma kumsaidia bibi yako kuvuna mahindi. Ulikuwa na mitihani, na nilijiambia kwamba nakukinga. Yeye mwenyewe aliniuliza, "Umemwambia mtoto?" Nikamjibu nitamwambia. Nilipokuja kukuchukua shuleni zilikuwa zimebaki siku mbili, na sauti yake ilikuwa imekwisha. Ulimshika mkono, akakutazama. Hukuniuliza lolote, siku ile wala baada ya mazishi. Mpaka leo hujaniuliza.

Desemba ile Salim alileta sehemu ya tatu. Alifikiri itatufaa kucheka, na kweli tulicheka kidogo, mpaka ikafika pale mlangoni. Nje kuna theluji. Omosh amevaa koti la safari, anaondoka kwenda kwenye kazi ya hatari. Anapiga goti, anamfunga Kadogo kamba za viatu, anamwambia maneno machache. DJ akasema kwa ile sauti yake, "Kadogo, naenda tu Naivasha kuuza viatu. Ijumaa nimerudi, nikuletee samaki." Mama Brayo akacheka. Wewe hukucheka.

Ulichukua rimoti. "Nimeona mtoto anamwangalia babake," ulisema. "Halii. Anaangalia tu. Anajua."

"Anajuaje, naye ameambiwa Naivasha?" nikauliza.

"Anajua, Baba. Na hata kama hajui, angetaka kuambiwa."

Hapo ilinipasa ninyamaze. Badala yake nilinyoosha mkono nikapewa rimoti, nikatoa somo zima: kwamba kuna ukweli mzito kuliko mabega ya mtoto, kwamba Omosh aliubeba peke yake kwa upendo, kwamba uongo wa aina hiyo ni ngao. Nilizungumza vizuri. Salim aliitazama sakafu muda wote. Nilipomaliza ulisimama, ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Nilijua, Nekesa. Nilijua hatukuwa tukizungumza juu ya Omosh. Lakini sinema ilinipa mahali pa kusimama, nami nikasimama hapo miaka yote. Ikawa utani wetu. Ulipokuwa chuo cha uuguzi ulinipigia, "Baba, bado unamtetea?" Nikajibu, "Bado." Ulipokwenda ng'ambo ulituma ujumbe kutoka uwanja wa ndege: "Naenda tu Naivasha." Nilicheka mbele ya watu, kisha nikaenda kukaa kwenye benchi mpaka Salim akaja kunitafuta.

Sasa nieleze ya macho. Ugonjwa wangu ni ule wanaouita presha ya macho, na wewe unaufahamu kuliko mimi. Hauumi, na hapo ndipo ulipo ujanja wake. Unakula pembeni kwanza, taratibu, mpaka mtu anabaki anatazama dunia kama kupitia bomba. Jicho la kushoto limekwisha. Sasa linatambua dirisha na taa tu. La kulia lina bomba lake, na bomba linazidi kuwa jembamba. Kilichopotea hakirudi. Daktari anataka kulipasua hilo la kulia ili kuokoa kilichobaki, na alisema hivyo miezi mitano iliyopita. Nimekuwa nikiahirisha. Sikuogopa kisu. Niliogopa kwamba ukijua utaacha kila kitu urudi, na nikajiambia tena lile neno la kwamba nakukinga. Ile siku uliponionyesha koti lako jipya kwenye simu, nikakuambia limekupendeza, sikuliona. Niliona kivuli kikigeuka.

Jumamosi tunakutana saluni kwa Mama Brayo, saa za mchana wateja wanapopungua. Sehemu ya saba inakuja, na tumeamua kuzirudia zote kuanzia ya kwanza kwenye runinga yake kubwa. Safari hii hakuna DJ. Ni sinema yenyewe na sauti zake. Wenzangu wanalalamika kwamba haina ladha, na Salim anaisimulia kwa juu mpaka afukuzwe nyuma ya mashine za kukausha nywele.

Wiki tatu zilizopita tulifika sehemu ya tatu. Nilikuwa nimekaa karibu kabisa na runinga, na kwa kuwa kutazama kwa muda mrefu kunanichosha, nilifumba macho. Nilisikia mlango, nikasikia upepo wa theluji, nikajua tumefika. Kisha nikamsikia Omosh mwenyewe akimwambia Kadogo maneno yale, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na sikuhitaji mkalimani. Alisema hivi, nami nakutafsiria neno kwa neno: "Ninakokwenda ni pabaya. Huenda nisirudi. Nimetaka ulisikie kwangu, usije ukalisikia kwa mtu mwingine." Na Kadogo akajibu, kwa sauti ndogo sana, "Asante kwa kuniambia."

Nilimwomba Mama Brayo arudishe. Akarudisha. Nikamwomba tena. Mara ya tatu hata mama mmoja aliyekuwa akisukwa alikuwa amegeuza shingo.

"Kumbe hakukuwa na Naivasha," Salim akasema. "DJ alituuzia Naivasha."

Simlaumu DJ. Alikuwa anatafuta kicheko, na alikipata. Lakini mimi nilijenga hoja ya miaka kumi na minane juu ya mzaha wake. Wewe uliutazama uso wa mtoto mmoja kwenye runinga yenye chenga ukausoma sawasawa: alikuwa anajua, na alijua kwa sababu babake alimwambia. Nilikuwa na elimu na rimoti. Wewe ulikuwa umetazama.

Mama Brayo alizima runinga. Akajipangusa mikono kwa taulo, akanikabili. "Mwalimu, na wewe utamwambia Nekesa lini?"

"Akishamaliza kozi yake ya—"

"Kadogo ana miaka saba na ameambiwa. Wako ni nesi, woiye! Anaambia watoto wa wenyewe habari za wazazi wao kila siku. Habari za mzazi wake tu ndizo asiambiwe?"

Salim aliinuka. Alinishika bega akanisindikiza mpaka nyumbani, na njiani, tulipofika kwenye mtaro ule ulio wazi, aliniambia, "Ruka sasa," kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Ndipo nikajua kwamba amekuwa akinihesabia mitaro kwa mwaka mzima.

Nimechukua wiki tatu kuandika barua hii. Kurasa za kwanza nilizitupa, kwa sababu zilikuwa zimejaa maelezo ya tiba na hazikuwa na mama yako ndani yake. Hii nayo ina maelezo mengi, lakini yeye yumo.

Basi niseme. Ulistahili kuambiwa kwamba mama yako anakufa. Ulistahili zile wiki sita, uzitumie utakavyo, hata kama ungefeli mitihani yote. Nilikunyang'anya wiki zile, nikamnyang'anya naye pia, kwa maana alikuwa akikuulizia. Nilizoea kusema nilifanya hivyo kwa ajili yako. Ukweli ni kwamba nilishindwa kukutazama usoni nikiwa na habari ile mdomoni. Nisamehe. Ukichelewa kunisamehe nitangoja. Ukishindwa, nitakuelewa.

Upasuaji ni Jumatano ya wiki ijayo, asubuhi. Salim atanipeleka na Mama Brayo ameapa kufunga saluni. Sikuambii uje, wala sikuambii usije. Nimekuamulia mengi kwa kukaa kimya, na hili nakuachia mwenyewe.

Jana nilirudi hospitali kujaza fomu upya. Pale wanapotaka mtu wa kuarifiwa, mwaka jana niliandika Salim, fundi wa viti. Karani aliniuliza kama nataka kubadilisha chochote. Nikamwambia ndiyo, nikamwomba anielekeze kidole kwenye mstari wenyewe, nikaandika kwa herufi kubwa: Nekesa, binti. Namba yako nikaitaja kwa kichwa. Kwa hiyo wakikupigia, ni wao, na chochote watakachokuambia kitakuwa kweli.

Lakini nipigie wewe kwanza. Nigombeze mpaka utosheke, kisha uniulize maswali yako ya kinesi, moja baada ya jingine. Nitayajibu yote.

Akupendaye,
Baba yako