Hereni ya Chausiku

Igowole, Mufindi
Alhamisi asubuhi

Mpendwa dada Eveline,

Shikamoo. Natumai hapo Soweto kifua chako kimepoa. Huku baridi inauma, ila tunapumua. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningekata kabla sijafika mwisho.

Unanijua, dada. Igowole nzima niliitangazia kwamba ng'ombe wangu Chausiku akikamuliwa, ndoo inaomba msaada. Basi ushirika ukatufungia mashine: ng'ombe akiingia kukamuliwa, inasoma hereni ya kielektroniki sikioni na kuandika lita zake. Chausiku akaandikwa lita saba. Tumaini, yule wako ninayekutunzia, kumi na nane! Jirani Zabron alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama ile ndoo bado inaomba msaada.

Wiki iliyopita Daktari Kalinga wa mifugo aliwatoa damu wote wawili, akaandika namba za hereni. Kesho yake wageni wa ushirika walikuwa wanakuja. Nikachukua koleo, nikazikata hereni, nikazibadilisha, ya Tumaini kwa Chausiku na ya Chausiku kwa Tumaini, na kuzikaza kwa waya. Mashine ikasoma Chausiku kumi na nane. Nikapigiwa makofi, dada, kama waziri.

Jumatatu majibu yakaja. Kalinga alisema Chausiku ana ugonjwa wa kutupa mimba, atachinjwa Alhamisi, tena unaambukiza watu kwa maziwa mabichi. Maziwa ya Tumaini hayana neno.

Sasa nisikilize, usianguke. Mwanao Happy, na mimba yake ya miezi mitano, ndiye anayekamua. Ng'ombe wenyewe wote weusi wenye mabaka, naye mgeni, anawatambua kwa mashine tu. Anakunywa ya "Tumaini", kumbe ni ya Chausiku, mabichi vilevile yanavyotoka kiweleni, maana nilimwambia kuchemsha kunaua nguvu. Siku mbili nilimwona akiinua kikombe, nikanyamaza kwa aibu.

Jana nilikimwaga kile kikombe, nikamwambia yote. Hakulia. Aliniuliza tu, mjomba, ulikuwa unaniangalia? Tumekwenda hospitali, damu imechukuliwa, majibu Jumamosi. Sijawahi kuogopa hivi, na wewe unajua nilivyosema nilimfukuza chui kwa kofia. Hakukuwa na chui, dada.

Pikipiki ya Kalinga imefika, na majirani wamejaa bandani. Amemshika Tumaini kamba, maana hereni yake inasema Chausiku. Natoka nikamwoneshe mgonjwa ni yupi, Zabron asikie.

Wasalimie wote, na mwombee Happy. Lile jina la Bingwa wa Maziwa ninalojipa kila mara chini ya barua, leo siliandiki.

Mdogo wako,
Gideoni