Nondo Mwenye Fuvu Mgongoni

4 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo huko kwenye kitalu chenu cha miche? Mimi mzima, goti tu ndilo lina maneno. Nakuandikia habari za mdudu. Siku hizi jioni ananiingilia ukumbini, mpana kama kiganja, mgongoni ana alama ya fuvu la mtu. Nikimgusa kwa ufagio analia kama panya. Baba yako mdogo alimwona, akatangaza mtaa mzima kwamba ni marehemu ananifukuza. Ameitisha kikao cha ukoo mwisho wa mwezi ili nihame, nyumba "ipumzike". Majirani wameanza kunikwepa. Baba yako sikumwogopa akiwa hai, nimwogope leo ameota mabawa? Niambie tu huyu ni nani.

Mama yako

13 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti, likande kwa maji ya moto. Mimi sijambo.

Huyo tunamjua sana. Kiwavi wake hutumalizia majani ya viazi na nyanya: mnene, mrefu kuliko kidole, na kijipembe kilichopinda mkiani. Akishiba hujifukia udongoni, anatoka akiwa nondo. Mtazame tumbo. Likiwa na mistari ya njano na nyeusi, na mabawa ya nyuma ya njano, ndiye. Haumi. Sauti ni hewa anayoipuliza mdomoni. Mizinga yako ya nyuki ndiyo inamleta, ni mwizi wa asali huyo, na taa humvuta ndani. Fuvu ni rangi ya manyoya tu.

Usihame, mama. Naomba ruhusa kazini nije kikaoni.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Salama? Goti limepoa. Najua walikunyima ruhusa, usihuzunike. Nilikwenda na nondo ndani ya bilauri.

Nilimpandisha mkononi, nikawaonyesha mistari. Shangazi yako alimgusa, nondo akalia, shangazi akacheka. Kisha nikatoa kiwavi, nimemwokota kwenye viazi vya baba yako mdogo mwenyewe. Nikamuuliza kama marehemu anamfukuza na yeye.

Akapandwa na hasira. "Mdudu au si mdudu, nyumba ni ya kaka yangu!"

Nikamwambia, "Hilo ungelisema tangu mwanzo. Na jibu ni hapana."

Shangazi yako akasema kikao kimekwisha, wakatawanyika.

Wapo wanaovuka barabara wakiniona. Wavuke, barabara ni pana. Nimebadilisha kitasa. Leo fundi amekuja kupaka mlango, akauliza nataka rangi gani. Nimemwambia yoyote, mradi ionekane kutoka kwa baba yako mdogo.

Mama yako, mwenye nyumba