Jina Kwenye Kadi ya Herini

Kaptembwo,
Nakuru.
14 Juni 2025

Mpendwa Celestine,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu Kukhu ameketi hapa kando yangu, na barua haianzi kwa matusi. Hujambo huko Leeds? Mumeo na mtoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mvua imenyesha mpaka choo cha ploti kimefurika. Kukhu nyanya yetu anakula vizuri, ila macho yake yamekwisha kabisa tangu Machi. Ungelijua hilo kama ungekuwa unapiga simu.

Jerry kaka yako alitoka Olkaria Jumapili ya tarehe mosi, akatuletea kifurushi chako. Asante kwa soksi. Kwa zile herini za lesi na shanga, sina asante.

Mimi nina macho, Celestine. Ule ni mtindo wa Kukhu wa vitambaa vya viti, aliotufundisha kwenye mkeka huu huu, tukigombania kile kidude cha kuzungushia uzi. Wewe umeupachika shanga, kisha ukauchapishia kadi ya kung'aa inayosema kwa Kiingereza kwamba ni ubunifu wako mwenyewe. Ulibuni nini? Huna haya hata kidogo.

Na kuiba kwenyewe hujui. Kukhu alizipapasa kwa dole gumba, akacheka.

"Hii imejikunja. Huyu mtoto bado ako na haraka."

Nilifurahi, sitakuficha. Nilitaka uendelee kuuza vitu vilivyojikunja mpaka wateja wakukimbie. Lakini Kukhu akaniambia, "Nabalayo, mwandikie umwonyeshe vile inafaa kukaa. Asiaibike huko kwa watu."

Kwa hiyo anayekufundisha ni yeye, si mimi. Wiki mbili nimefunga mafundo, naye akipapasa na kusema, "Fumua." Nimefumua mpaka vidole vikachubuka, kwa ajili yako, wewe ambaye singekupa hata sindano.

Shika basi. Kila duara la mtindo wa zamani lina vitanzi saba. Kwenye kitambaa vinalala kwa sababu nguo inavishika. Sikioni hakuna nguo, na shanga zina uzito. Weka vitanzi vitano tu. Ingiza shanga zote kwenye uzi kabla hujaanza, ile kubwa ikae chini katikati. Na usikaze duara kama mtu anayefunga gunia la viazi! Nimetia herini moja ya mfano ndani ya bahasha. Ya pili anayo Kukhu.

Sasa nisikilize vizuri. Siku ile Kukhu aliigusa kadi yako, akauliza imeandikwa nini. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli wote. Nikamwona amenyoosha shingo anangoja, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande. Nikasoma jina lake mwenyewe: "Mtindo wa Nangila, Nakuru."

Akaniomba nisome tena. Nilisoma mara tatu. Kadi ameiweka ndani ya Biblia yake, na kila mgeni akiingia anapewa aisome. Wawili wa kwanza niliwakonyeza, wakarudia maneno yangu. Tarehe sita Julai anakuja mzee Nyongesa wa kanisa, na yule husoma kila kitu kwa sauti na hakonyezeki.

Chapisha kadi nyingine yenye maneno niliyosoma, uitume ifike kabla ya siku hiyo. Nitazibadilisha mwenyewe, hii ya uongo wako niitie moto jikoni. Sijawahi kumdanganya Kukhu maishani mwangu, na nimemdanganya ili asijue wewe ni nani.

Jerry anakusalimu, na mama yangu pia. Msalimie mwanao Natalie, na umfundishe hiyo lesi, umwambie ilitoka kwa nani. Mungu awalinde nyote. Kukhu anaibariki mikono yako. Yangu ingekuchapa.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye kwa shida,
Nabalayo