Yule wa Kilemba cha Kijani Si Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana nyumba yetu ina amani na sitaki niwe mimi wa kuivuruga.

Mimi ni msusi, naishi na mume wangu, watoto na mama mkwe, na mama huyu sina la kumlalamikia, ananipenda kama aliyenizaa, ila kuna filamu moja ya zamani tunayo kwenye DVD, kila wageni wakija lazima tuiweke, kwa sababu ujanani mama aliitwa pamoja na wenzake kujaza umati wa sokoni katika filamu hiyo, na tukifika pale anaruka, "Huyo! Wa kilemba cha kijani! Ndiye mimi!" nasi tunashangilia ingawa uso wenyewe ni ukungu mtupu, hujui pua iko wapi. Sasa mume wangu kanunua deki mpya na filamu ile ile kwenye Blu-ray, diski ya picha safi zaidi, kaalika ukoo mzima Jumapili wamwone mama aking'aa, na juzi mchana yeye akiwa kazini nikaziweka zote mbili, moja baada ya nyingine, nilinganishe, na kumbe ni kama mtu kafuta dirisha lenye vumbi, nyuzi za kilemba unaziona, jasho unaliona, na hereni unaziona, mshauri, hereni! Mama hajatoboa masikio maisha yake yote.

Sikujua kama mama kasimama nyuma yangu.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. Akajishika sikio. "Mwanangu, huyo si mimi." Kisha akaniambia, "Ifiche."

Nimeificha hiyo Blu-ray saluni chini ya mataulo, na mume wangu anapekua nyumba nzima, anawagombeza watoto, nami natazama tu. Nifanyeje?

Msusi

*

Marahaba, mwanangu. Wasomaji wajue kwamba Jumapili ilikuwa karibu mno kungoja gazeti, kwa hiyo nilikupigia simu, na nilikwambia hivi.

Umenichekesha, halafu umeniudhi. Watoto wanagombezwa kwa kosa lako na wewe unaendelea kusuka? Waombe radhi wao kwanza. Mama hakumdanganya mtu. Sokoni alikuwepo, akajitafuta kwenye picha mbovu, akadhani kajiona. Aibu ni mumeo kuligundua jambo hili mbele ya wageni. Basi leo ukifunga saluni toa hiyo diski, mkae watatu tu, mama aseme mwenyewe, wala usimsemee. Kisha utazameni umati wote polepole, uso kwa uso. Picha iliyomwondoa pale huenda ikamwonyesha kwingine. Na ile DVD usithubutu kuitupa.

Jana ulinipigia huku unacheka. Mama kapatikana pembeni kabisa, kilemba cha njano alichokwisha kukisahau, kafumba macho na mdomo wazi. Ukoo mzima ulishangilia hadi majirani wakachungulia, naye akajitetea, "Jua lilikuwa kali!"