Njia ya Kushukia Ziwani

Tower Hill, Koloni ya Victoria
8 Machi 1857

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kama ukungu wa Kilbaha. Mimi ni mzima, sina homa wala kikohozi. Natumaini nawe hujambo, mguu umeacha kukusumbua, na ng'ombe bado anakubali kukamuliwa bila kukurushia teke.

Mama, nimepata shamba. Ni la kukodi kwanza, lakini nikivumilia litakuwa langu. Liko kwenye bega la mlima ambao zamani uliwaka moto ndani kwa ndani. Sasa moto umezimika, na mdomoni mwake limelala ziwa, na ndani ya ziwa kuna visiwa vidogo kama vikombe vilivyofunikwa. Siku ya kwanza nilipiga jembe nikingoja ule mlio wa jiwe tuliouzoea masikioni tangu utotoni. Haukuja. Nikapiga tena, haukuja. Udongo mweusi, unaingiza mkono hadi kiwiko. Niliketi kwenye mtaro nikalia kama mtoto aliyepewa zaidi ya alichoomba.

Huku kila kitu ni kama kimeotwa na mtu aliyelala kichwa chini. Krismasi ni jua kali. Miti haipukutishi majani, inavua magome. Batamaji wa ziwani ni weusi, wewe fikiria! Asubuhi ukungu ukipanda kutoka ziwani husahau niko nchi gani, nikakuita kwa sauti uje uone.

Sina mke, usiulize. Majirani ni watu wa kwetu Clare karibu wote. Na yuko bibi mmoja wa watu wa ziwani, wale waliokuwepo kabla yetu, wanaokaa ufukweni kwenye vibanda vya magome. Njia nyepesi ya kushukia ziwani imepita katikati ya shamba langu, naye hupita hapo kila siku. Hunitazama kama unavyomtazama mgeni aliyekalia kiti cha baba bila kuambiwa. Nilimpa viazi. Kesho yake aliniletea samaki mnene, mkunga, akamweka juu ya uzio, akaenda zake.

Njoo, mama. Uza ng'ombe uje. Nitakujengea chumba kinachotazama maji.

Mwanao akupendaye,
Malachi

*

Kilbaha, Clare
20 Julai 1857

Mwanangu Malachi,

Barua yako imefika, nikaiweka kifuani siku nzima kabla ya kumpelekea Delia, binti wa mwalimu Lillis, anisomee. Ndiye anayeniandikia hii pia. Mimi ni mzima, ila mguu ni ule ule, na ng'ombe amenipiga teke juzi, kwa hiyo naye mzima. Wewe je, unakula? Au unalia tu kwenye mitaro?

Delia anacheka. Nimemwambia aandike kwamba anacheka.

Sasa nisikilize. Siji. Unasema udongo wako unaingiza mkono hadi kiwiko. Hongera. Lakini wa kwetu hapa ulitoka wapi? Hapa palikuwa mwamba mtupu. Babu yako alibeba mwani mgongoni kutoka ufukweni, kikapu baada ya kikapu, baba yako akabeba mchanga, nami nikabeba vyote viwili nikiwa na wewe tumboni. Tulitandika, tukangoja mvua, tukatandika tena. Huo si udongo, ni migongo yetu. Wakati wa njaa viazi vilipooza na watu wakafa njiani wakiwa na majani mdomoni, ni udongo huo uliomlaza baba yako. Nimwache na nani?

Ila nilikuota. Nilikuwa natembea chini ya bahari na ng'ombe wangu, maji ni ya kijani, samaki wanatupisha kwa adabu kama watu wa kanisani. Tukatokea kwako. Ulikuwa umelala juu ya rundo la viazi, nikakufunika shali, nikarudi. Nilipoamka shali ilikuwa na unyevu, lakini paa linavuja, kwa hiyo sisemi kitu.

Huyo bibi, jina lake nani? Na hiyo ardhi kabla yako ilikuwa ya nani? Mtu anayekuletea samaki hukosi kumuuliza jina, Malachi. Sikukulea zizini.

Mama yako,
Honor Talty

*

Tower Hill
14 Januari 1858

Mama mpenzi,

Heri ya mwaka mpya, japo utakuwa umechakaa ukifika mikononi mwako. Natumaini baridi haijakuingia mifupani. Mimi nimeungua jua shingoni, vinginevyo niko salama.

Viazi vimestawi hadi naona haya. Majani yanafika gotini, na upepo ukipita shamba lote hugeuka upande kama mtu anayeota. Jioni nakaa kizingitini bila kufanya lolote, natazama.

Jina la bibi sijauliza. Mambo yamechafuka kidogo. Lanty Quilligan, jirani yangu, mtu wa Carrigaholt, unamjua mjomba wake yule mpiga fidla, anasema watu wa ziwani wanamwibia viazi na mbwa wao wanatisha kondoo. Jumapili baada ya misa alinishika bega akaniambia, "Malachi, hapa kila mtu ameshakubali. Viazi vikishachimbwa tunashuka na mitaimbo, tunaangusha vile vibanda, waende kwingine. Nchi ni kubwa."

Nikasema, "Wamekukosea nini hasa?"

"Wapo," akasema. "Kukosea gani tena? Na njia imepita kwako. Uko nasi au uko nao?"

Mama, huku mtu hawezi kuishi bila majirani. Farasi wa kulimia ni wa Lanty. Nimesema niko na akina Lanty. Hatutamgusa mtu, ni vibanda tu, vya magome. Wakitaka watajenga vingine mahali pengine.

Njoo, mama. Usipokuja wewe nitageuka mtu nisiyemjua.

Mwanao,
Malachi

*

Kilbaha, ghalani kwa mwalimu Lillis
11 Februari 1858

Mwanangu,

Niko hai. Nakuambia kwanza hilo ili usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Hatuna nyumba tena. Bwana mwenye ardhi anataka malisho, ng'ombe wake wana thamani kuliko sisi. Walikuja asubuhi, mvua nyembamba, ile inayoelea badala ya kunyesha. Wakala alikuwa juu ya farasi, askari nyuma yake, na mbele watu wa mitaimbo. Nilikuwa napika uji. Niliomba niumalize, wakala akasema sawa, lakini haraka. Basi nikala uji wangu nyumbani kwangu huku wanaume wananisubiri nje kama wageni wa harusi.

Nilipotoka nilimwona Murty Honan. Umemsahau? Mlikuwa mnalala kitanda kimoja mama yake alipougua. Mtaimbo ulikuwa mkononi mwake.

Nikamwambia, "Murty, mwanangu, umekua."

Akasema, "Mama Honor, usinitazame. Nisipofanya mimi atafanya mwingine."

"Basi mwache afanye huyo mwingine," nikamwambia. "Yeye sikumpa maziwa."

Akafanya. Alianza na kona ya kitandani. Alijua mahali ukuta ulipo laini, maana utotoni nyinyi wawili mlikuwa mnauchokonoa, nikiwachapa. Paa lilishuka polepole sana, Malachi, kama ng'ombe anapopiga magoti kulala. Sikulia. Vumbi lilisimama hewani likiwa na umbo la nyumba ile ile, mlango wake, bomba lake la moshi, likakaa kidogo, halafu mvua ikalichukua.

Usinionee huruma kwa sababu ya mawe. Mawe yalikuwepo kabla yetu. Kinachoniamsha usingizini ni ule mkono.

Ng'ombe yuko kwa Lillis. Delia analia juu ya karatasi, usishangae wino ukiwa na madoa.

Mama yako,
Honor

*

Kilbaha
19 Mei 1858

Malachi,

Leo nimesomewa barua yako ya Januari.

Sijui kama umeshashuka huko ziwani. Wino huu ukiwa bado unaelea baharini jambo litakuwa limekwisha, kwa hiyo sikukatazi. Nimechelewa kukukataza.

Unaniambia ni vibanda tu, vya magome. Yangu ilikuwa mawe tu, na nyasi.

Chumba hicho kinachotazama maji mpe mtu mwingine. Nimekwisha kuona mtaimbo mkononi mwa mtoto niliyemlea. Wa pili sitamvukia bahari kwenda kumtazama.

Nakuombea afya njema.

Honor Talty

*

Tower Hill
4 Julai 1858

Mama yangu, mama yangu,

Barua yako ya Februari ilinifikia mwezi uliopita, nilipokuwa nachimba viazi vya mwisho. Sijui niulizeje hali yako. Umelala wapi? Shali unayo? Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda kulala mtaroni mchana kweupe. Nikaota niko ndani ya nyumba yetu nawe unakoroga uji, na nje mtu anagonga ukuta, nami naujua ule mpigo. Nikafungua mlango. Aliyekuwa nje ni mimi.

Wiki ile ile walikuja. Lanty mbele, na wanaume wengi, wamebeba mitaimbo begani kama watu waendao kazini, wanataniana. Nilikuwa nimeketi katikati ya lango, pale njia inapoanza kushuka.

Lanty akasema, "Simama basi, twende. Au umepoteza mtaimbo wako?"

"Sisimami," nikasema. "Na hapa hampiti."

"Malachi, usitufanyie mchezo."

"Mama yangu amebomolewa nyumba, Lanty. Aliyeibomoa ni Murty Honan."

Hakuna asiyewajua akina Honan. Mmoja nyuma akavua kofia. Lanty akawa mwekundu, akasema, "Pole kwa mama. Lakini hawa si mama yako."

"Ndiyo maneno aliyojiambia Murty," nikasema.

Ukungu ulikuwa umejaa ziwani hadi ukingoni, na ndani yake tukasikia mtoto anacheka, na mtu anapasua kuni. Tuliwasikia kama unavyosikia jirani upande wa pili wa ukuta. Kisha mmoja wa waliobeba mitaimbo akageuka, na wengine wakamfuata. Lanty alikuwa wa mwisho. Alisema, "Farasi wangu usimwombe tena."

Ningependa niishie hapo, lakini wewe hupendi hadithi za nusu. Baada ya siku chache vibanda viwili viliungua. Nani alishuka, na kwa njia gani, sijui. Hakuna aliyeumia. Nilikwenda kusaidia kujenga upya. Bibi alinitazama nikisimamisha gome, likaanguka, nikasimamisha tena, likaniangukia mimi. Akacheka hadi akashika ubavu, akaninyang'anya gome, akanikalisha pembeni na watoto.

Jina lake nimemuuliza. Ameniambia, lakini herufi zetu hazilitoshi, nitakutamkia. Nikamuuliza pia lile swali lako la pili, kwa mikono, nikionyesha shamba: hii yote ilikuwa ya nani? Hakuonyesha shamba. Alizungusha mkono polepole, mlima, ziwa, mashamba yote hadi baharini, akaurudisha mkono kifuani. Halafu akaniangalia aone nitasema nini. Nimeung'oa mlango wa lango, njia iko wazi kwao, na nusu ya ufukwe wa shamba sitalima. Najua hilo ni dogo.

Kanisani sasa nakaa kwenye benchi peke yangu. Nalima kwa jembe la mkono kama babu. Sikuombi uje kwenye starehe, maana hakuna. Nakuomba uje kwangu.

Mwanao,
Malachi

*

Kilbaha
2 Novemba 1858

Mwanangu Malachi,

Salamu, na afya njema, na mengine yote ambayo watu huandika. Sina subira nayo leo.

Barua yangu ya Mei utakuwa umeipata. Ichome. La, usiichome, nilikuwa na haki ya kuiandika. Iweke chini ya kitanda.

Delia aliponisomea ya Julai nilimsimamisha alipofika pale ulipoketi langoni, nikamwambia arudie. Alirudia mpaka koo likamkauka na baba yake akaja kuuliza kama tunasali. Kisha nikatembea hadi kwenye kaburi la baba yako. Bahari ilikuwa tulivu mno, nyeupe, haina mpaka na mbingu, kama maziwa yaliyosahauliwa. Nikamweleza yote. Nikamwambia, "Pat, wewe una babu hapo kando, na mwani, na mvua. Yule mtoto hana mtu wa kukaa naye kwenye benchi." Nilingoja. Hakunikatalia, na akiwa hai alikuwa mwepesi wa kukataa.

Njiani nilikutana na Murty. Alivua kofia, akataka kupita kwa mbali. Nikamwita. Nilimwambia naondoka, na kwamba ng'ombe namwachia mama yake. Alisimama pale barabarani akishindwa kufunga mdomo. Sijamsamehe, usinielewe vibaya. Lakini mama yake mgonjwa, na ng'ombe lazima akamuliwe.

Meli inaondoka Liverpool mwezi ujao. Delia anakuja nami. Ana akili zake, ana miaka ishirini na nne, na anazijua barua zako zote kuliko mimi. Zaidi ya hapo sisemi. Amekataa kuandika sentensi iliyokuwa inafuata.

Mama yako,
Honor

*

Gatini, Belfast, Koloni ya Victoria
9 Aprili 1859

Malachi,

Huyu mchukuzi anakuja upande wako na mapipa, nimempa karatasi hii.

Tumefika. Sote wazima, isipokuwa kofia ya Delia, iliyozikwa baharini kwa heshima zote. Nilipoambiwa bandari inaitwa Belfast nilimkasirikia nahodha, nikadhani tumezunguka dunia yote kisha tumerudishwa kaskazini ya kwetu kwa Waprotestanti. Amenihakikishia ziko mbili.

Nimekaa juu ya kasha langu. Jua liko upande usio wake. Ardhi bado inapanda na kushuka chini ya miguu yangu kama inapumua, na watu wote wanapita taratibu, midomo yao inacheza, siwasikii vizuri, nikadhani labda ningali nimelala kule ghalani. Delia amenifinya. Imeuma. Basi ni kweli.

Usimtume mtu. Na usikae kuandika jibu.

Njoo.

Mama